Elektroni zimekaaje ndani ya atomu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kwa mifano ya Lindi na Mtwara

Kemia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na mara nyingi mwanafunzi hukariri maneno kabla hajaelewa jambo lenyewe. Majibu haya ni ya Kiswahili, na mifano yake ni ya huku kwetu kusini: chumvi ya pwani, salfa ya mikorosho, kinywe (grafiti) cha Ruangwa, gesi ya Msimbati. Karibu kila jibu linarudi kwenye maswali mawili: atomu hii ina elektroni ngapi kwenye ganda la nje kabisa, na kiini kinazishika kwa nguvu kiasi gani?

Elektroni huzunguka kiini kama sayari zinavyolizunguka jua?

Hapana, ingawa mchoro wa kitabuni unaonyesha hivyo. Niels Bohr alipendekeza njia za mduara mwaka 1913, na hesabu zake zikaafikiana vizuri na haidrojeni. Zilipopelekwa kwa heliamu, atomu ya pili tu, ziligoma. Tangu Erwin Schrödinger alipotoa mlinganyo wake mwaka 1926, kinachohesabiwa ni uwezekano: ni eneo gani elektroni ina nafasi kubwa ya kupatikana. Eneo hilo huitwa obitali. Obitali ya s ni ya mviringo kama chungwa. Ya p ni kama maputo mawili yaliyofungwa pamoja midomoni, na kiini kiko pale kwenye fundo.

Ukubwa nao hudanganya kwenye michoro. Tuseme kiini cha haidrojeni ni korosho moja yenye upana wa sentimeta 3, nawe umeiweka katikati ya mji wa Mtwara. Wingu la elektroni yake litafika karibu kilomita moja kila upande. Na elektroni yenyewe ni nyepesi mno, masi yake ni kama sehemu moja ya 1836 ya protoni. Kwa hiyo karibu uzito wote wa atomu uko kwenye korosho, na karibu nafasi yote ni ya elektroni. Atomu mbili zinapokutana, zinazogusana ni zile elektroni za nje. Viini havionani kabisa.

Je, maduara ya kitabuni yatupwe? La. Yatumie kama daftari la hesabu linalosema elektroni ngapi ziko ganda lipi, usiyatumie kama ramani ya njia zinazopita.

Nipangeje elektroni za atomu bila kukosea?

Anza na namba ya atomu, yaani idadi ya protoni. Wengi huteleza hapa hapa mwanzoni kwa kuchukua namba ya masi. Sodiamu ina namba ya masi 23 na namba ya atomu 11. Aliyepanga elektroni 23 ameshaiacha sodiamu, yuko kwenye vanadi.

Chora maduara manne mchangani, moja ndani ya jingine, halafu chukua komwe za bao ziwe elektroni. Kwa elementi 20 za mwanzo, duara la kwanza hupokea komwe 2, la pili 8, la tatu 8, na zinazobaki huenda la nne. Sodiamu inakuwa 2,8,1. Klorini, namba 17, inakuwa 2,8,7. Kalsiamu, namba 20, ni 2,8,8,2. Jumlisha upya kila mara. Isipofika namba ya atomu, rudia. Idadi ya maduara yenye komwe ndiyo safu ya elementi kwenye jedwali, na komwe za duara la nje ndizo kundi lake, kwa wanaotumia makundi ya I hadi VIII. Heliamu peke yake huvunja utaratibu: ina elektroni mbili nje, lakini hukaa na kundi la VIII kwa sababu ganda lake limejaa.

Kuanzia namba 21 maduara hayatoshi. Kila ganda lina vyumba: s yenye nafasi 2, p yenye 6, d yenye 10 na f yenye 14. Vyumba hujazwa kwa mpangilio wa nishati, kuanzia ya chini: 1s, 2s, 2p, 3s, 3p, 4s, 3d, 4p, 5s, 4d, 5p, 6s, 4f, 5d, 6p. Chuma, namba 26, huandikwa 1s² 2s² 2p⁶ 3s² 3p⁶ 4s² 3d⁶. Jumlisha namba ndogo za juu: 2+2+6+2+6+2+6 ni 26.

Kuna sheria mbili za kuzingatia unapojaza. Obitali moja haibebi zaidi ya elektroni mbili, nazo lazima ziwe na mizunguko iliyo kinyume. Hii ni kanuni ya Wolfgang Pauli ya mwaka 1925. Pili, obitali zenye nishati sawa hupewa elektroni moja moja kwanza, ndipo kuoanisha kuanze. Naitrojeni yenye 2p³ ina elektroni tatu zilizokaa kila moja peke yake. Oksijeni yenye 2p⁴ imelazimika kuoanisha moja, na hizo mbili zilizobanana husukumana. Ndiyo maana kung'oa elektroni moja kwenye oksijeni kunahitaji kilojuli 1314 kwa moli (moli ni fungu maalumu la kuhesabia atomu), pungufu kidogo ya 1402 za naitrojeni, ingawa oksijeni ina protoni nyingi zaidi.

Kromiamu na shaba hazifuati mstari: kromiamu ni 3d⁵ 4s¹, shaba ni 3d¹⁰ 4s¹. Mtunga mtihani akitaka kukunasa atauliza mojawapo ya hizi.

Ganda la tatu lina nafasi 18. Mbona potasiamu ni 2,8,8,1 na siyo 2,8,9?

Ni swali zuri, na jibu la "kwa sababu nane zimetosha" ni la kuvukia mto tu. Ni kweli kwamba ganda la n lina nafasi 2n², yaani 2, 8, 18, 32. (Bao nalo lina mashimo 32, sawa na nafasi za ganda la nne. Ni sadfa tu, usiliandike kwenye mtihani.) Lakini kuwa na nafasi ni jambo moja, na bei ya kuikalia nafasi hiyo ni jambo jingine.

Nafasi 18 za ganda la tatu ni 3s, 3p na 3d. Elektroni ya 4s, ijapokuwa kwa wastani hukaa mbali, sehemu ya wingu lake hupenya hadi karibu kabisa na kiini, ndani ya elektroni nyingine zinazokikinga. Ya 3d haipenyi hivyo. Kwa hiyo kwenye potasiamu na kalsiamu, 4s huwa ya bei nafuu kuliko 3d, na elektroni ya 19 na ya 20 huingia huko. Kuanzia skandi, namba 21, 3d huanza kupokea, na ganda la tatu linaendelea kujazwa mpaka 18 wakati la nne tayari lina wakazi.

Hapa pana mtego mwingine. 4s hujazwa kabla ya 3d, ila wakati wa kutoa elektroni, 4s ndiyo hutoka kwanza. Ioni, yaani atomu iliyotoa au kupokea elektroni, ya chuma yenye chaji 2+ ni [Ar] 3d⁶; [Ar] ni kifupi cha mpangilio wa agoni, 1s² 2s² 2p⁶ 3s² 3p⁶. Anayeandika [Ar] 4s² 3d⁴ amefuata mantiki ya foleni, lakini 3d zikishakuwa na elektroni ndani yake husogea karibu na kiini, na 4s hubaki ndiyo ya nje.

Nani aliyaona maganda haya? Tunajuaje kwamba yapo?

Hakuna aliyeyaona. Ushahidi ulio rahisi kuliko wote ni gharama ya kung'oa elektroni moja baada ya nyingine. Chukua magnesiamu, 2,8,2. Elektroni ya kwanza hugharimu kilojuli 738 kwa moli, ya pili 1451, ya tatu 7733. Mbili za mwanzo zinapanda kwa kiasi. Ya tatu imeruka zaidi ya mara tano. Umegonga ganda la ndani. Kwa sodiamu, 2,8,1, mruko unakuja mapema: 496, kisha 4562.

Ukipewa orodha ya namba hizi bila jina la elementi, tafuta mruko mkubwa. Idadi ya namba zilizo kabla yake ndiyo idadi ya elektroni za nje. Namba zote hupanda, hivyo usidanganyike na ongezeko la kawaida.

Kwa nini sodiamu na potasiamu zinafanana tabia, na kwa nini potasiamu ni kali zaidi?

Zinafanana kwa sababu kila moja ina elektroni moja nje. Potasiamu ni kali zaidi kwa sababu elektroni yake iko ganda la nne, mbali na kiini na nyuma ya kinga nene. Kuing'oa ni kilojuli 419 tu, dhidi ya 496 za sodiamu na 520 za lithi. Zote hutunzwa ndani ya mafuta, la sivyo unyevu wa hewa peke yake unatosha kuzichokoza.

Kundi la VII huenda kinyume, na wanafunzi wengi huchanganya. Hawa hawatoi, wanapokea. Anayepokea anahitaji kiini kilicho karibu na mlango. Florini ndiyo kali kuliko zote kwa sababu ni ndogo. Klorini hufuata, kisha bromini, kisha iodini.

Je, kila atomu lazima ifikishe elektroni nane nje?

Hapana. Haidrojeni hutosheka na mbili. Alumini na boroni kwenye baadhi ya kampaundi hubaki na sita. Salfa katika SF₆ imezungukwa na vifungo sita. Gesi za kundi la VIII nazo zilidhaniwa kutogusika kabisa mpaka mwaka 1962, Neil Bartlett alipotengeneza kampaundi ya xenoni. Nane ni dira nzuri kwa elementi za safu ya pili na ya tatu, usiipe mamlaka zaidi ya hapo.

Sodiamu huwaka majini na klorini ni gesi ya sumu. Imekuwaje zikiungana zinakuwa chumvi ya kula?

Kwa sababu zilizoungana si zile atomu tena. Sodiamu 2,8,1 imetoa elektroni yake ya nje, imebaki 2,8. Klorini 2,8,7 imeipokea, imekuwa 2,8,8. Ukali wa sodiamu ulikuwa ni ule mzigo wa elektroni moja, na ukali wa klorini ulikuwa ile njaa ya elektroni moja. Vyote viwili vimeisha.

Hata ukubwa umebadilika. Atomu ya sodiamu kwenye metali ina nusu kipenyo cha pikometa 186. Ioni yake ina 102, kwa kuwa ganda zima la nje limeondoka. Kosa la kawaida darasani ni kuandika ioni ya kloridi kama 2,8,7 na kuweka alama ya hasi pembeni. Kama kuna alama ya hasi, elektroni lazima iongezwe kwenye hesabu: 2,8,8.

Kwa nini chumvi ya mashamba ya chumvi ya pwani hulowa na kushikamana, hasa wakati wa masika?

Swali hili huulizwa na wazalishaji kuliko wanafunzi, nalo jibu lake limo ndani ya elektroni. Kinacholowesha hasa ni kloridi ya magnesiamu iliyobaki ndani ya chumvi. Magnesiamu hutoa elektroni mbili, hivyo ioni yake ina chaji 2+ na nusu kipenyo cha pikometa 72 tu. Chaji kubwa kwenye kitu kidogo huvuta molekuli za maji kwa nguvu nyingi. Chumvi safi ya sodiamu huanza kuyeyuka kwa unyevu hewa inapofikisha unyevu wa karibu asilimia 75. Kloridi ya magnesiamu huanza kwenye asilimia 33 hivi, na hewa ya pwani ya Lindi na Mtwara kwa kawaida iko juu ya hapo.

Dawa yake iko kwenye majaruba, siyo ghalani. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi mbalimbali kwa kilo. Jua linapoyakausha, kila kampaundi ina zamu yake ya kutuama. Jasi hujitenga mapema, msongamano ukiwa kwenye 1.10 hadi 1.12 (maji safi ni 1.00). Chumvi ya kula huanza kutua karibu na 1.21. Yafikapo 1.25, maji yaliyobaki ni machungu na yamejaa magnesiamu: yamwage hapo hapo. Anayesubiri jaruba likauke kabisa ili apate magunia zaidi anavuna magnesiamu pamoja na chumvi, na wanunuzi watamrudishia magunia yaliyolowa. Haidromita ndiyo kipimo cha msongamano huo. Kuonja kwa ulimi huchelewa. Baada ya kuvuna, osha chumvi kwa maji ya chumvi yaliyokolea ya jaruba la kabla. Maji baridi ya kisima yatayeyusha mazao yako.

Na yale madini joto yanayowekwa kwenye chumvi?

Ni iodini, namba 53, elektroni 2,8,18,18,7. Iko kundi moja na klorini, na mwili huihitaji kwenye tezi ya shingo. Ikikosekana kwa muda mrefu huja rovu. Kwenye chumvi huwekwa kama iodeti ya potasiamu, na sababu ni elektroni tena. Iodini ikiwa ioni ya kawaida, elektroni yake ya ziada iko mbali na kiini na hushikwa kwa ulegevu. Oksijeni ya hewa, ikisaidiwa na unyevu, huipokonya elektroni hiyo, na iodini hupotea kama mvuke. Ndani ya iodeti, iodini tayari imeshikana na oksijeni tatu, hivyo hakuna cha kupokonywa kirahisi. Hata hivyo weka chumvi kwenye chombo chenye mfuniko na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Kinywe na almasi vyote ni kaboni. Kwa nini kimoja ni laini na hupitisha umeme?

Kaboni ni 2,4. Kwenye almasi, kila atomu hushirikiana na wenzake wanne, elektroni zote nne za nje zimefungwa, hakuna iliyo huru. Kwenye kinywe, kama kile cha Ruangwa, kila atomu hushikana na tatu tu ndani ya tabaka moja bapa. Elektroni ya nne hubaki ikizurura juu na chini ya tabaka, na ndiyo inayobeba umeme. Tabaka na tabaka ziko umbali wa nanometa 0.335, ilhali atomu za tabaka moja zimeachana nanometa 0.142 tu. Tabaka hazijafungwa kwa vifungo imara, kwa hiyo huteleza, na hivyo ndivyo penseli inavyoandika.

Jaribu mwenyewe. Chonga penseli ya HB ncha zote mbili. Unganisha betri mbili za tochi za volti 1.5 kwa kufuatana, halafu taa nyekundu ya LED, halafu penseli, kisha urudi kwenye betri. Mguu mrefu wa LED uelekee chanya. Ikiwaka, umeme umepita kwenye zile elektroni za nne. Isipowaka, geuza LED kwanza. Kisha angalia kama risasi ya penseli imekatikia ndani, jambo la kawaida kwa penseli iliyoanguka. Penseli ya rangi haitafanya kazi, kwa sababu ndani yake ni nta na rangi, hakuna kinywe. Umeme wa ukutani usiusogelee kwa jaribio hili.

Nafasi kati ya tabaka ndiyo inayokipa kinywe soko kwenye betri. Ioni za lithi, zilizoacha elektroni yao moja ya nje, ni ndogo kiasi cha kupenya katikati ya tabaka wakati wa kuchaji na kutoka wakati wa kutumia. Kikijaa kabisa, hukaa lithi moja kwa kila kaboni sita.

Gesi asilia inahusikaje?

Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, na ya Mnazi Bay huko Msimbati, 1982, kwa sehemu kubwa ni methani: kaboni moja iliyoshirikiana na haidrojeni nne. Elektroni zote zimegawanywa karibu sawa kwa sawa, hakuna upande wenye chaji ya kushikana na jirani, ndiyo maana ni gesi kwenye joto la kawaida na haiyeyuki vizuri majini. Haina harufu, harufu ya gesi ya majumbani hutiwa makusudi kwa kampaundi za salfa. Ikiungua na hewa ya kutosha hutoa kilojuli 890 kwa moli. Hewa ikiwa haba, moto huwa wa njano na hutoa monoksidi ya kaboni, inayoua bila harufu.

Salfa ya mikorosho mbona haiyeyuki kwenye ndoo?

Salfa ni 2,8,6. Inahitaji elektroni mbili, na ikikosa mtoaji hushirikiana na salfa wenzake: atomu nane hujifunga kwenye pete moja. Kwa kuwa wote ni sawa, hakuna anayevuta elektroni kuliko mwenzake, na pete nzima haina chaji. Maji hushika vitu vyenye chaji. Ndiyo sababu salfa ya unga huelea juu ya ndoo hata ukoroge asubuhi nzima. Ile inayouzwa kwa kuchanganywa na maji imesagwa laini sana na kutiwa kitu cha kuifanya ilowe. Haijayeyuka, imetawanyika tu. Kwa hiyo tikisa pampu mara kwa mara, la sivyo itatuama chini, miti ya kwanza ipate nyingi na ya mwisho ipuliziwe maji matupu, na ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho unaozuiwa na salfa, uendelee huko.

Salfa ya unga huwaka kwa moto wa bluu na kutoa dioksidi ya salfa, gesi ambayo ikikutana na unyevu wa macho na mapafu huwa asidi. Usivute sigara wakati wa kupulizia, wala usiihifadhi pamoja na mbolea zenye naitreti.

Kwa nini maji ya kisima hutoka meupe kisha yakageuka rangi ya kutu?

Ndani yake kuna chuma cha 2+, [Ar] 3d⁶, ambacho huyeyuka vizuri na rangi yake ni hafifu. Yakipata hewa, oksijeni huondoa elektroni moja zaidi na kubaki 3d⁵, elektroni tano, kila obitali ya d ikiwa na moja. Huo ni mpangilio tulivu, na chuma cha 3+ hakipendi kurudi nyuma. Hiki hakiyeyuki, hujitenga kama tope la kahawia. Hutibiwa kwa kitu kile kile kilichoyachafua, yaani hewa: yamimine maji yakirushwa kutoka juu ili yapate hewa, yaache yatuame usiku mmoja, kisha yachuje kwa mchanga. Kuchemsha kabla ya kuchuja hakuondoi tope.

Mabati hupakwa zinki kwa sababu zinki hutoa elektroni zake mbili za 4s kwa urahisi kuliko chuma. Bati likikwaruzwa, zinki iliyo jirani hujitoa mhanga na chuma husalimika. Zinki ikiisha, kutu huja haraka, na chumvi ya hewa ya bahari huongeza kasi.

Nitaonaje elektroni zikihama kwa macho yangu?

Kwa moto wa bluu. Tumia waya wa chuma cha pua, uuchome mpaka usitoe rangi, uuloweshe, uguse chumvi, uurudishe motoni. Njano kali itakayotokea ni elektroni ya sodiamu iliyopandishwa kutoka 3s hadi 3p na sasa inarudi, ikitema mwanga wa nanometa 589. Chokaa iliyoloweshwa kwa siki hutoa wekundu wa matofali. Mrututu (salfeti ya shaba) hutoa kijani, lakini ni sumu: fanya nje ya jikoni na waya huo usirudi kwenye vyombo.

Kinachoharibu jaribio hili ni sodiamu yenyewe. Jasho la kidole lina kiasi cha kutosha kuifunika zambarau ya potasiamu. Osha mikono, shika waya kwa koleo, na uangalie kupitia kioo cha bluu, kinachozuia njano. Moto wa kuni haufai, kwa kuwa masizi yake yanang'aa njano tayari.

Shaba, fedha na dhahabu ziko kundi moja. Kwa nini dhahabu peke yake ni ya njano na haichakai?

Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba, na dhahabu ya Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, ilipita bandarini mwao. Shaba ikikaa na chumvi ya bahari hugeuka kijani, dhahabu hubaki vile vile. Zote zina elektroni moja ya s nje na d iliyojaa. Tofauti ni uzito wa kiini. Dhahabu ina protoni 79, na elektroni zake za ndani kabisa hulazimika kwenda kwa karibu asilimia 58 ya kasi ya mwanga. Kwa kasi hiyo masi yake huongezeka kwa zaidi ya asilimia 20, na obitali hujikunja kuelekea kiini. Elektroni ya 6s nayo huvutwa ndani, hivyo kuing'oa ni kilojuli 890 kwa moli, dhidi ya 745 za shaba na 731 za fedha.

Mkunjo huo huo hupunguza pengo kati ya 5d na 6s hadi likawa sawa na nishati ya mwanga wa bluu. Dhahabu humeza bluu na kurudisha inayobaki, njano. Kwenye fedha pengo ni kubwa zaidi, linameza urujuanimno tu ambao jicho haliuoni, na fedha huonekana nyeupe.